Watalii Hawakuiokoa Bujagali

Msitu ukiingiza pesa za watalii, hakuna atakayethubutu kuukata. Hoja hii imerudiwa sana Uganda, kwenye warsha na kwenye vipeperushi vya wafadhili, na wengi tumeimeza bila kuitafuna. Jinja ndiko inakokwama.

Maporomoko ya Bujagali yalikuwa na wageni tele. Tangu miaka ya 1990 watu walivuka mabara kuja kupanda mashua za mpira kwenye mawimbi ya Nile, na vijana wa kando ya mto wakapata kazi ya kuongoza, kubeba mizigo na kupika. Mwaka 2011 maji ya bwawa la megawati 250 yaliyafunika. Sisemi umeme haukuhitajika. Mgao uliotangulia ulitutesa sote. Nasema siku ya kupimana ubavu ilipofika, mapato ya utalii yalishindwa vibaya.

Ili kufidia hasara hiyo, serikali iliafikiana na Benki ya Dunia mwaka 2007 kwamba maporomoko ya Kalagala, chini zaidi mtoni, yaachwe yalivyo na misitu ya jirani itunzwe, Mabira ukiwamo. Mwaka huohuo, serikali hiyohiyo ilitaka kuipa kampuni ya sukari ya Lugazi hekta 7,100 za Mabira, karibu robo ya msitu. Kisha 2019 likazinduliwa bwawa la Isimba, na mawimbi mengine yakazama.

Mabira ulipona, lakini si kwa sababu ya watalii. Uliokolewa na wanunuzi waliosusia sukari ya Lugazi wakihimizana kwa ujumbe wa simu, na waandamanaji waliojaa Kampala Aprili 2007. Maandamano hayo yalileta vifo, na mmoja wa waliokufa alikuwa mtu wa asili ya Kihindi aliyeshambuliwa na umati, jambo ambalo sisi watetezi wa misitu hupenda kuliruka tunaposimulia. Ufalme wa Buganda na Kanisa la Anglikana nao walijitolea kutoa ardhi mbadala ya kupandia miwa. Hao wote hawakulipa kiingilio.

Pita leo Najjembe, kando ya barabara inayokatiza Mabira. Mabasi ya kwenda Jinja na Mbale yanasimama, wachuuzi wanakimbilia madirishani na kuku wa kuchoma na gonja, kisha safari inaendelea. Wachuuzi hao wanaishi kwa barabara. Msitu uko mgongoni mwao tu. Ndani, kwenye maporomoko ya Griffin, wanajamii wana kambi, njia za kutembea na kamba za kuteleza juu ya miti. Kazi nzuri, lakini haiwezi kulisha vijiji vyote vinavyozunguka kilomita za mraba 300 hivi, wala kumshinda mchoma makaa ambaye mteja wake yuko Kampala na hupika kila siku.

Ukifika Mbale, shida inageuka sura. Mlima Elgon ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1993, ulinzi ukakazwa, na msitu ukapata askari pamoja na majirani wenye kinyongo. Oktoba 2005 Mahakama Kuu iliwatambua Wabenet kuwa wenyeji wa asili wa mlima huo; 2008 wakafurushwa tena. Sheria ya wanyamapori inazitengea jamii za jirani asilimia 20 ya ada ya kiingilio, lakini Elgon haina gorila wa kuuzia vibali, na Sipi, maporomoko yanayopendwa kuliko yote huko, yako nje ya hifadhi. Huko Sipi vijana wanaoongoza wageni hupokea malipo yao mkononi, bila kusubiri mgao upitie wilayani.

Kwa Mgisu wa mteremkoni, ruhusa ya kuingia kukata malewa, yale machipukizi ya mianzi yanayopikwa kwa karanga, ina uzito kuliko mgao huo. Mikataba ya aina hiyo ipo. Ningependa ipewe nguvu ya haki inayodaiwa mahakamani, isibaki hisani ya mkuu wa hifadhi, na majirani wa Mabira wapewe yao pia, hata kama msitu wao uko chini ya Mamlaka ya Taifa ya Misitu.

Wapo watakaosema jirani akifunguliwa mlango ataumaliza msitu. Hatari hiyo ipo. Lakini Machi 2020, uwanja wa Entebbe ulipofungwa kwa sababu ya korona, watalii walikatika kwa miezi. Jirani hakuondoka, na panga lake lilikuwa palepale. Kilichoamua alitumie au asilitumie ni yale tuliyokuwa tumekubaliana naye kabla.