Tusingoje Kuchangishana Nauli

Mimi si daktari. Ni mhandisi wa mitambo, nina miaka 30, na kabla ya kuja hapa Uingereza kusomea shahada ya uzamivu nilifanya kazi katika kiwanda kimoja cha saruji nyumbani Tanzania. Kwa hiyo haya ni mawazo ya mtu wa spana na grisi, mnivumilie.

Kiwandani tulikuwa na fundi mzee ambaye kila asubuhi alipita akigusa mashine kwa kiganja. Alikuwa akituambia kwamba beringi haifi ghafla. Kwanza inapata joto, halafu inaanza kulia, ndipo inavunjika. Ukiishughulikia ikiwa na joto unapoteza dakika kumi. Ukingoja ivunjike, kiwanda kinasimama wiki nzima na lawama zinaanza.

Nimemkumbuka mzee yule kwa sababu ya kaka mmoja wa chama chetu. Ameniruhusu nisimulie bila kumtaja jina. Alifika mwezi wa tisa akiwa mcheshi kweli. Mchana maabara, usiku anabeba maboksi, mwisho wa mwezi anatuma hela nyumbani. Ilipofika Desemba, jua linazama saa kumi jioni, akaanza kunywa kopo moja la bia ili apate usingizi. Kopo likawa manne, bia ikawa pombe kali. Akaacha kuja mpirani, akaacha kupokea simu. Na sisi tulifanya nini? Tulicheka. "Mshkaji kachizika na baridi." Mwingine akasema amepata mchumba wa Kizungu, anatukwepa.

Tulishtuka dada yake alipotupigia simu kutoka nyumbani kuuliza kama ndugu yake yu hai. Tulimkuta chumbani, amekonda, hajaoga, analia. Alikatisha masomo. Nauli yake ya ndege tuliichanga kwa siku mbili tu, na wengi tulijisikia vizuri kwamba tumeonyesha utu. Mimi nilimsindikiza uwanja wa ndege, na njiani aliniambia neno moja ambalo sijalisahau: "Hela mlizonichangia ni nyingi, lakini mngenigongea mlango tu."

Jamani, huo ndio ugonjwa wetu Waswahili wa ughaibuni. Kwa rambirambi na kusafirisha mwili wa marehemu hakuna wa kutushinda. Kwa kuzuia, tuko sifuri.

Watu wanadhani magonjwa ya akili na ulevi hayazuiliki, kwamba ni bahati mbaya ya mtu au udhaifu wake. Si kweli. Nitatoa mifano miwili. Zamani gesi ya majumbani hapa Uingereza ilitokana na makaa ya mawe na ilikuwa na sumu. Watu wengi waliokata tamaa walipoteza maisha kwayo. Kati ya mwaka 1967 na 1977 mafundi walipita nyumba kwa nyumba wakibadilisha majiko yatumie gesi asilia isiyo na sumu hiyo. Katika England na Wales, waliojiua walikuwa 5,714 mwaka 1963. Mwaka 1975 walikuwa 3,693. Kilichobadilika ni hatari iliyokuwa ndani ya nyumba. Ile saa mbaya ilipita, na wengi waliopona nayo hawakutafuta njia nyingine. Waliookoa maisha hayo walikuwa watu wa mabomba, wala hawakuwa na nia hiyo!

Mfano wa pili ni wa kwetu. Tanzania ilipopiga marufuku viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017, haikungoja kila kijana alewe ndipo atibiwe. Ilikiondoa kile kipakti cha bei ya chee kilichoingia mfukoni mwa mwanafunzi. Hiyo ndiyo afya ya jamii: unaangalia mazingira kabla ya kumlaumu mtu.

Najua wapo watakaosema haya ni mambo ya Kizungu, sisi tuna dini na familia. Nawajibu kwa heshima. Hospitali ya Mathari pale Nairobi ilianza mwaka 1910, na Muhimbili ilianza kutoa dawa ya methadoni kwa walionaswa na heroini mwaka 2011. Haya maradhi tunayo nyumbani, hatukuyakuta Heathrow. Na kweli, dini na familia ni kinga kubwa. Lakini ndugu yangu, hapa ulipo mama hayupo wa kukuuliza mbona hujala, na jirani hawezi kukuita kwa kelele dirishani. Ile kinga tumeiacha uwanja wa ndege. Lazima tuijenge upya sisi wenyewe, na daktari abaki na kazi yake.

Sasa mapendekezo yangu kwa mkutano mkuu wa chama. Kwanza, kila mgeni apewe mwenyeji mmoja wa kumgongea mlango kila wiki, kuanzia mwezi wa tisa hadi wa pili, wakati wa giza. Pili, angalau nusu ya shughuli zetu ziwe bila pombe: pilau, mpira, bao, hata kupiga soga tu. Leo anayetaka kusikia Kiswahili Ijumaa usiku lazima aingie baa, na hilo tumelitengeneza sisi. Tatu, tuwasaidie wageni kujiandikisha kwa daktari wa mtaa wiki ya kwanza. Kwenye viza tumeshalipia huduma hiyo, pauni 776 kwa mwaka. Ni hela yetu, tuitumie. Anayezidiwa hapa England apige 111 na kuchagua namba 2, mchana au usiku. Nne, lile neno "kachizika" tulizike.

Yote haya hayafikii gharama ya ile tiketi moja ya ndege. Kaka yetu yuko nyumbani anaendelea na matibabu, na juzi kanitumia salamu zenu. Ila chumba chake kina mgeni sasa, kijana wa miaka 22 kutoka Mbeya. Nimeshamgongea mara mbili. Wiki hii ni zamu ya nani?

Naomba kutoa hoja.