Bahari asubuhi, theluji mchana: hiyo likizo ni ya nani?

1/7
Mama zangu, na akina baba mnaosoma kimyakimya bila kuweka hata alama ya kupenda, leo nesi wenu hana maneno matamu.

Likizo zikikaribia, inboksi yangu hujaa swali moja lenye sura nyingi. La wiki hii ni hili: "Dada nesi, tunatoka Ujerumani kwenda kusini mwa Hispania siku saba. Siku ya tatu asubuhi tunaogelea Motril, mchana tunapanda Sierra Nevada, usiku tunarudi hotelini. Mtoto ana miezi saba. Nimpe dawa gani asitapike kwenye gari?"

Usimpe dawa yoyote bila daktari. Dawa nyingi za kuzuia kutapika zinamlevya mtoto mdogo, unabaki hujui kama amelala au amezidiwa. Na ukiniuliza mimi, kinachoumwa hapo ni ratiba. Mtoto mzima kabisa.

2/7
Najua ilikotoka. Ule ukanda wa pwani chini ya Granada unauzwa kwa picha ya aina moja: asubuhi theluji, mchana bahari, siku hiyohiyo. Kijiografia ni kweli. Kutoka Motril hadi juu mlimani ni kama kilomita mia moja tu, na barabara ya gari inakufikisha Hoya de la Mora, mita 2,500 juu ya usawa wa bahari.

Sasa wekeni hiyo namba kwetu. Mandara, kambi ya kwanza ya Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, iko mita 2,700 hivi. Nani kwenu angemtoa mtoto wa miezi saba ufukweni Tanga asubuhi, ampandishe karibu na Mandara mchana, halafu amrudishe Tanga usiku kwa sababu picha itapendeza? Bibi yake angekuja na fimbo.

Halafu hiyo picha yenyewe inadanganya. Mwezi wa saba hiyo theluji haipo, utakuta mawe na upepo. Ukienda Aprili theluji ipo, lakini bahari pale ina nyuzi 15 au 16. Jaribu kumwogesha mtoto maji ya nyuzi 15 nyumbani uone atakavyokuambia.

3/7
"Lakini dada, wenzetu wanaenda na watoto wao, hawafi."

Kweli, hawafi. Mtoto mwenye afya akikaa saa mbili kule juu, mara nyingi hapati neno. Sijasema mlima unaua. Ninachopinga ni siku nzima mliyomjengea: saa tatu au nne amefungwa kwenye kiti cha gari, chumvi na jua asubuhi, baridi mchana, masikio yanaziba kwenye kona za mteremko, usingizi umekatwa vipandevipande, ziwa amepewa kwa haraka kwenye maegesho. Kisha usiku analia mpaka saa nane na mnasema "sijui huyu mtoto ana nini". Mimi najua ana nini.

Na mtoto wa miezi saba hawezi kusema kichwa kinamuuma. Kimo kikimsumbua utaona amekuwa mkorofi, anakataa kunyonya, anatapika. Mnadhani ni meno.

4/7
Hii inaniudhi kuliko zote: "Mtoto wetu Mwafrika, jua halimwezi."

Ngozi nyeusi inaungua pole pole kuliko nyeupe, sawa. Lakini joto halina habari na rangi. Mtoto mdogo hajui kujipoza kama wewe, anapoteza maji haraka, na hajui kuomba. Macho yake nayo hayana cha kuyakinga. Kila ukipanda mita 1,000, mionzi ya jua inayounguza inaongezeka kwa asilimia 10 hivi, na theluji safi inaweza kurudisha mpaka asilimia 80 ya mionzi hiyo usoni kwake. Baba amevaa miwani ya jua. Mtoto?

Na mama zangu, ile kanga mnayotanda juu ya kigari ili apate kivuli: hewa haipiti, ndani panakuwa tanuri. Tumieni mwavuli, au kaeni kivulini. Gari lililoegeshwa juani vilevile, dakika 10 tu joto la ndani linaweza kupanda kwa nyuzi 10. Msiseme "nanunua maji tu narudi".

Tazameni wenyeji. Saa nane mpaka saa kumi na moja mchana mitaa ya miji ile ni mitupu, madirisha yamefungwa, watu wamejilaza. Watoto utawaona uwanjani jioni, saa nne za usiku bado wanacheza mpira. Si wavivu wale. Mtu aliyelelewa Lamu au Unguja analijua jambo hili tangu utoto, ila tukifika Ulaya tunajisahaulisha na kuanza kukimbizana na jua la saa saba kama watalii.

5/7
Hapa someni polepole. Ni kwa ajili ya familia zetu hasa.

Kama mtoto ana selimundu, safari ya ghafla kutoka baharini kwenda mita 2,500 si ya kuamuliwa kwa kura ya familia. Hewa ya juu ina oksijeni kidogo, na oksijeni ikipungua chembe nyekundu zinajikunja kuwa mundu na kuziba mishipa midogo. Ongeza baridi, uchovu na upungufu wa maji, vyote hivyo huamsha maumivu. Na ile ratiba ya siku moja imevikusanya vyote! Maji baridi ya bahari pia yamo. Ongeeni na kliniki yenu kabla ya kulipa hata senti.

Anayebeba tu kinasaba kwa kawaida haumwi. Ila imeshatokea, kwa nadra, wengu wa mtu wa namna hiyo ukaumia akiwa mahali pa juu. Maumivu makali chini ya mbavu za kushoto: shukeni mara moja na mtafute daktari.

"Mbona hatujaambiwa mtoto ana nini?" Ujerumani ilianza kuwapima selimundu watoto wachanga wote Oktoba 2021. Aliyezaliwa kabla ya hapo, au aliyezaliwa Kinshasa, Mwanza au Kampala mkaja naye, huenda hajawahi kupimwa. Kipimo ni damu kidogo tu. Pimeni kwanza, milima haihami.

6/7
Baba atasema hela imeshalipwa. Hela ya hoteli imelipwa, ya kupanda mlima hamjalipa, ni petroli tu. Basi chagueni: au bahari, au mlima. Mkitaka mlima kweli, pandeni kidogo mkalale. Lanjarón, kwenye milango ya Alpujarra, iko chini ya mita 700, hata saa moja haifiki kutoka Motril. Miti ipo, chemchemi za maji zipo, usiku kuna ubaridi wa kulalia. Theluji ya kileleni mtaiona mkiwa mmekaa, kama ipo.

Kwa mwenye mtoto chini ya miezi sita: maziwa ya mama mara nyingi zaidi, maji ya chupa hayahitaji, na juani asikae kabisa.

7/7
Dalili za kutosubiri: saa sita pampasi kavu, macho yamezama, analegea, haamki vizuri kunyonya, anapumua kwa shida, au mtoto wa chini ya miezi mitatu ana joto la nyuzi 38. Pigeni 112, Ulaya yote ya Umoja namba ni hiyo na ni bure. Kadi ya bima ya Ulaya kwa wa Ujerumani iko nyuma ya kadi yenu ya kawaida, igeuzeni muione leo. Bibi aliyekuja kwa viza ya Schengen ana bima yake ya safari ya angalau euro 30,000, karatasi yake ikae mkobani, isibaki kabatini Dortmund.

Maswali ya kutapika kwenye gari nitayajibu Alhamisi nikitoka zamu. Kwa sasa ongeeni na madereva wenu.