Simu Ifupishe Njia ya Dawa

Tauni iliyozuka wilayani Lushoto mwaka 1980 iliwasumbua watu wa Usambara kwa zaidi ya miaka 20, ikawapata zaidi ya watu 7,000 na kuua mamia. Dawa ilikuwapo. Sindano ya streptomaisini ikiwahi, mgonjwa wa tauni kwa kawaida hupona. Asipotibiwa, tauni ya mitoki huua kati ya watu 30 na 60 katika kila wagonjwa 100, na ile ya mapafu huua karibu wote. Uhai, basi, hutegemea saa zinazopita kati ya homa ya kwanza na sindano. Ni kwa saa hizohizo tupime huduma ya kumwona daktari kwa simu wakati wa mlipuko.

Faida yake haina ubishi. Mwenye kikohozi kule Mtae, wilayani Lushoto, akipata ushauri nyumbani, hawaambukizi abiria wenzake wala wajawazito waliopanga foleni kliniki. Wapo wanaosema huduma hii ni ya wenye simu janja na bando. Rwanda imeonyesha vingine: huduma ya Babyl, iliyoandikisha zaidi ya watu milioni 2, ilitumia simu za kawaida, muuguzi alipokea, daktari akafuata, namba ya kuchukulia dawa ikaja kwa ujumbe mfupi. Ilikoma mwaka 2023, kampuni mama ya Uingereza ilipoanguka. Kwa hiyo tatizo kubwa si aina ya simu, ni nani anayeibeba huduma. Nasi Tanzania tuna namba 199 ya Wizara ya Afya, isiyotozwa malipo, ya kujengea.

Hoja nzito zaidi ni kwamba daktari wa simuni hawezi kupapasa mtoki wala kuchukua damu. Ni kweli, na ushauri ukiishia hewani, mgonjwa atakimbilia duka la dawa, anunue antibayotiki kwa kubahatisha na kuulea usugu. Ndiyo maana kila simu yenye dalili za hatari lazima imfikie mhudumu wa afya wa kijiji na zahanati yenye dawa siku hiyohiyo, huku siri ya mgonjwa ikilindwa kama Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inavyotaka. Halmashauri ziunganishe mnyororo huo sasa, kungali shwari. Mlipuko ukishaanza, hakuna atakayepata nafasi ya kuuliza nani ampigie nani.