Kamera ya Studio Si Pambo la Shingoni
Wenzangu wananisukuma ninunue Hasselblad kwa sababu ina jina. Jina litamsaidia nani katika chumba cha studio Mtaa wa Kongo? Picha yake ya kawaida ni mraba. Mama akisimama na kanga zake, filamu nyingi inaishia ukutani. Mamiya RB67, iliyoanza kuuzwa 1970, ni nzito kama tofali, lakini studio ina stendi. Mgongo wake unazungushwa, picha inasimama pamoja na mama. Tena filamu moja ya 120 inatoa picha 10 tu. Hapo ndipo wanaponicheka, na hapo ndipo sirudi nyuma: Kariakoo tunapigwa picha mia kwa simu, hatutazamwi hata mara moja. Mwenye picha 10 humtazama mtu kwanza, ndipo afyatue.