Kwa Mkapa alitoka mtu, na hasira yetu iliisha Jumatatu

Asubuhi ya Jumamosi ya Agosti 23, 2025, kijiwe kimoja cha bodaboda Tandika kilikuwa na kesi. Usiku uliotangulia Morocco walikuwa wameitoa timu yetu ya taifa, Taifa Stars, kwenye robo fainali ya CHAN kwa bao 1-0, goli la Oussama Lamlioui dakika ya 65, ndani ya Uwanja wa Benjamin Mkapa, kule tunakotamba kwamba hatoki mtu. Ajabu ni kwamba mshtakiwa hakuwa Morocco. "Yule wa kwenu ndiye katuuza," alisema dereva mmoja, helmeti bado iko kichwani. "Wa kwetu? Si mmemsajili nyie juzi?" akajibiwa. Mzee anayeuza kahawa pale akawatazama, akatikisa vikombe vyake: "Wanangu, wiki nzima mmeimba wote. Leo mnagawana lawama kama pilau la hitma."

Kwenye kioo cha pikipiki moja ilining'inia bendera ndogo ya taifa. Jumatatu tulipita tena. Bendera ilikuwa imefunguliwa, mwenyewe anafutia vumbi kwenye siti. Kesi ya Stars ilikuwa imeshafungwa bila hukumu, na kijiwe kizima kilikuwa kinabishana nani kasajili nani.

Hukumu tunaitoa sisi leo, na wa kwanza kuisikia ni shabiki. Hatumlaumu kwa kukasirika. Aliyelipa kiingilio, akapanga foleni juani tangu mchana, akapoteza sauti yake kwa ajili ya nchi yake, ana haki ya kukasirika timu inapotolewa nyumbani, tena kwenye mashindano ambayo sisi, Kenya na Uganda tuliyaandaa. Kosa lake ni kwamba hasira ile aliielekeza kwa mtu asiyehusika, kisha akaizima ndani ya siku tatu, kabla haijamfikia anayehusika.

Tuanze na hilo la "wa kwenu" na "wa kwetu", yaani nani ni wa Simba na nani wa Yanga. Agosti 2 Stars ilifungua mashindano kwa kuwafunga Burkina Faso 2-0. Bao la kwanza lilitoka kwa Abdul Suleiman 'Sopu' wa Azam, la pili kwa Mohamed Hussein, ambaye msimu huu wa 2025/26 ametoka Simba kwenda Yanga. Mauritania walizama dakika za mwisho kwa bao la Shomari Kapombe wa Simba. Madagascar walilala 2-1, mabao yote mawili ya Clement Mzize wa Yanga. Suluhu na Jamhuri ya Afrika ya Kati ikatufikisha pointi 10, na kwa mara ya kwanza tukavuka hatua ya makundi ya CHAN, baada ya kushindwa mwaka 2009 na mashindano ya 2020 kule Cameroon. Siku zile nani aliuliza Sopu ni wa wapi? Nani alikataa kumshangilia Kapombe kwa sababu ni wa Msimbazi, au Mzize kwa sababu ni wa Jangwani? Ushindi ulikuwa wa Watanzania wote. Ilipofika zamu ya kufungwa, tukawarudisha wachezaji Kariakoo, kwa Simba na Yanga, kila mmoja kwa mwenyewe, kama mizigo iliyokosa mnunuzi.

Utani wa jadi wa Simba na Yanga tunaupenda, na gazeti hili limeuza nakala nyingi kwa sababu yake. Lakini utani ukiingia kwenye jezi ya taifa unageuka sumu. Kijana anayejua kwamba akikosa goli nusu ya nchi itamzomea kwa rangi ya klabu yake, akifika mbele ya lango atampasia mwenzake. Halafu tunashangaa mbona hatupigi mashuti.

Wapo waliokimbilia kwa mchawi wa pili, yaani CAF, shirikisho la soka la Afrika. Morocco inabebwa, wanasema. Si wimbo mpya. Januari 2024, kwenye AFCON ya Ivory Coast, kocha wetu wa wakati huo, Adel Amrouche, alisema hadharani kwamba Morocco ndiyo inayoendesha soka la Afrika. CAF ikamfungia mechi nane, na Stars ikamaliza mashindano bila yeye. Wengi tulimpigia makofi. Sasa tujiulize: Agosti 10, kwenye Uwanja wa Kasarani, Kenya iliifunga Morocco hii hii 1-0 kwa bao la Ryan Ogam, na kipindi chote cha pili Harambee Stars ilicheza ikiwa na watu kumi. Kama Morocco ni wa kubebwa, siku ile wabebaji walikuwa wapi?

Tuweke hesabu mezani. Novemba 2023, hapo hapo kwa Mkapa, Morocco 2, Tanzania 0. Januari 2024 San Pedro, 3-0. Machi 2025 Oujda, 2-0. Agosti 2025, 1-0. Mechi nne ndani ya miezi 21, dakika 360, tumefungwa nane, na sisi hatujafunga hata moja. Mchezaji wa klabu fulani "aliyeuza" Ijumaa moja hawezi kuwa sababu ya sifuri ya miezi 21. Na tusijitetee kwamba hawa wametuzidi tangu enzi za babu zetu: Machi 2013, Dar es Salaam, tuliwafunga 3-1, Mbwana Samatta mawili na Thomas Ulimwengu moja. Waliokuwepo uwanjani siku ile bado wako hai na wanakumbuka.

Baada ya hapo kilifanyika nini? Kule Morocco walikuwa na akademia ya Mfalme Mohammed VI, Salé, iliyokuwa imeshaanza kulea watoto. Katika yale mabao matatu ya San Pedro, moja alifunga Azzedine Ounahi, jingine Youssef En-Nesyri. Wote wawili wamepita Salé. Bao la kwanza la Oujda alifunga Nayef Aguerd. Naye kalelewa pale pale. Maana yake, wakati sisi tunasherehekea 3-1 ya mwaka 2013, baadhi ya waliokuja kutufunga walikuwa wanafundishwa kupokea mpira kwa mguu wa mbali, kila siku, kwenye nyasi nzuri, na mtu analipwa kuwafundisha.

Sisi nasi tuna watoto. Aprili 2019 tuliandaa AFCON ya vijana chini ya miaka 17 hapa hapa Dar es Salaam. Serengeti Boys walifungwa na Nigeria 5-4 kwenye mechi ya ufunguzi, mechi ambayo aliyeiona hataisahau, kisha wakapoteza na mbili zilizobaki. Tulilalamika, tukataka makocha wafukuzwe, tukalala. Watoto waliofunga mabao manne dhidi ya Nigeria sasa wako katika umri ambao mshambuliaji anatakiwa awe moto. Nani kati ya waliopiga kelele wiki ile aliwahi kuuliza vijana wale wanacheza wapi, wangapi wameacha mpira, wangapi wanakaa benchi?

Benchi, ndiyo. CHAN ni mashindano ya wanaocheza ligi ya nyumbani, kwa hiyo kilichoonekana uwanjani ni ligi yetu yenyewe imevuliwa nguo. Msimu wa 2022/23 wafungaji bora walikuwa Fiston Mayele wa DR Congo na Saido Ntibazonkiza wa Burundi. Uliofuata, Stephane Aziz Ki wa Burkina Faso. Msimu wa 2024/25, Jean Charles Ahoua wa Ivory Coast, mabao 16. Mpaka mwisho wa msimu huo, Mtanzania wa mwisho kutwaa kiatu hicho alikuwa George Mpole, msimu wa 2021/22, naye alikuwa Geita Gold, wala si Kariakoo. Langoni, msimu huo wa 2024/25 Yanga walikuwa na Djigui Diarra wa Mali, Simba wakawa na Moussa Camara wa Guinea. Kanuni inaruhusu klabu kusajili wageni 12.

Hatusemi wageni wafukuzwe. Wao ndio waliosaidia Yanga kufika fainali ya Kombe la Shirikisho 2023 na Simba kufika fainali hiyo Mei 2025 (wakafungwa na nani? RS Berkane, ya Morocco). Tunachosema ni kwamba uamuzi wa wageni 12 umefanywa na watu wenye majina na ofisi, una faida zake na una gharama zake, na gharama hiyo tuliilipa Agosti 22 tulipomaliza mechi tukitafuta mtu wa kusukuma mpira wavuni. Shabiki anaimba jina la mgeni wake Jumapili, Ijumaa anataka Mtanzania afunge, na katikati hapo haoni kama kuna swali.

Sasa tufike penye kosa kubwa zaidi. Jumamosi ya Agosti 16, siku ile ile Stars ilipotoka suluhu na Jamhuri ya Afrika ya Kati, TFF ilifanya uchaguzi wake mkuu Tanga. Wallace Karia alirudi kwenye kiti cha urais kwa muhula mwingine akiwa mgombea pekee. Hatumuhukumu hapa Karia. Inawezekana kabisa ndiye aliyefaa. Lakini uchaguzi wa chombo kinachoamua kocha, kanuni za usajili, ligi za vijana na ratiba za timu ya taifa ulipita wiki ile kwa kelele ndogo kuliko ya usajili wa beki mmoja wa kushoto. Hakuna aliyetaka kusikia mpango wa miaka minne. Siku sita baadaye Stars ikatolewa, na watu wale wale waliokuwa kimya wakapata sauti ya kumtukana mtoto wa watu aliyepoteza pasi.

Na tusidanganyane, sehemu ya kelele za Ijumaa ile ilitokana na mikeka ya kubashiri iliyochanika. Aliyeweka elfu mbili yake Stars ipite ana uchungu wake, hatumkatazi, ila uchungu huo asiuite uzalendo.

Kwa majirani si nafuu sana. Kenya ilitolewa siku ile ile kwa penalti na Madagascar, timu tuliyoifunga sisi. Uganda ikafuata kesho yake mbele ya Senegal. Kasarani tayari CAF ilikuwa imepunguza mashabiki hadi 27,000 kwa sababu ya vurugu za kuingia uwanjani siku ya mechi na Morocco, yaani timu ilinyang'anywa sauti ya watu wake na watu wake wenyewe. Jumamosi ya Agosti 30 fainali ikapigwa hapo hapo Kasarani, Morocco 3, Madagascar 2. Kenya ilikuwa imemfunga bingwa, sisi tulikuwa tumemfunga aliyeshika nafasi ya pili, na wote tuliitazama fainali tukiwa tumekaa. Atakayesema wachezaji wetu hawana uwezo wowote, aanzie kwenye matokeo hayo mawili.

Nasi wa magazeti hatuna pa kujificha. Wiki ya kutolewa kwa Stars kurasa zetu za mbele zilikuwa na majina ya wachezaji wanaotua uwanja wa ndege. Tulichapa picha za jezi mpya kabla hatujachapa swali moja kwa benchi la ufundi. Redioni wachambuzi walitumia saa nzima kupima nani kati ya Simba na Yanga "kachangia" zaidi kufungwa. Shabiki anasahau Jumatatu kwa sababu Jumapili sisi ndio tuliompa cha kusahaulia.

Kwa hiyo tunadai. Benchi la ufundi lililoiongoza Stars chini ya Hemed Suleiman liwasilishe ripoti ya CHAN, na TFF iitoe hadharani, isiifungie kabatini: tulipiga mashuti mangapi, nani alichoka dakika ya ngapi, kwa nini hatukubadilisha kitu baada ya kufungwa. Bodi ya Ligi ieleze ina hoja gani kubaki na wageni 12, na ina mpango gani kwa washambuliaji wazawa wa chini ya miaka 23. Klabu zote mbili za Kariakoo ziseme mchezaji wao akizomewa kwa jezi ya taifa zitasema nini, maana mpaka sasa hazijasema kitu.

Kwa shabiki tunadai kitu kimoja. Ijumaa hii, Septemba 5, Stars iko Brazzaville dhidi ya Congo kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia 2026. Jumanne ya Septemba 9 tunawakaribisha Niger nyumbani. Simba Day na Wiki ya Mwananchi, sherehe za Simba na Yanga, nazo hizo zinabisha hodi, na tunajua viwanja vitajaa. Nenda kwenye hizo, imba mpaka ukauke koo. Ila siku ya Niger nenda pia, na ukienda, usimwulize aliyevaa jezi namba tisa anatoka klabu gani.

Ripoti ile ya CHAN, gazeti hili litaiuliza kila Ijumaa, ukurasa huu huu, pamoja na idadi ya siku zilizopita tangu Agosti 22. Leo, Septemba 3, 2025, ni siku ya 12.