Mahujaji wa Nusu Safari

Msomaji kijana, kila mwaka ufikapo mwisho wa Mei, barabara zitokazo Kenya kwenda Uganda hupitisha makundi ya watu wenye rozari shingoni. Wengine hupanda mabasi, wengine hutembea siku nyingi kwa miguu, malengelenge nyayoni, ili wawahi Namugongo tarehe 3 Juni. Siwacheki hata kidogo. Mtu akubaliye kuchoka kwa ajili ya kitu asichoweza kukiuza astahili heshima. Lakini nina ugomvi nao, nami napenda uusikie wewe kabla hujazoea kosa lao.

Nilipata kusafiri na kundi moja la namna hiyo. Huko Namugongo basi letu lilipita mbele ya lango la kumbukumbu ya Waanglikana, si mbali na Basilika yetu. Mvulana mmoja wa sekondari akauliza kwa nini hatushuki. Kiongozi akamjibu, "Hapo si petu." Basi likaenda zake, na rozari ikaendelea.

Si petu! Neno hilo ndilo nilipingalo.

Tarehe 3 Juni 1886, kwa amri ya Kabaka Mwanga, vijana watumishi wa jumba lake walichomwa moto Namugongo kwa kuwa walikataa kuiacha imani yao. Karoli Lwanga, kiongozi wao, alitengwa akachomwa peke yake kwa moto wa polepole ulioanzia miguuni. Hapo ndipo iliposimama Basilika. Wenzake walivingirishwa katika matete, wakalazwa juu ya kuni, Wakatoliki na Waanglikana bega kwa bega, moto mmoja ukawala wote. Kizito alikuwamo, mtoto wa miaka kama 14, yamkini mdogo kuliko wewe usomaye. Mwenye kuwasha moto hakuuliza nani alibatizwa na padre na nani na mchungaji. Katika mauaji ya miaka ile, tangu 1885 hata 1887, huhesabiwa Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Ni nani basi aliyekwenda kulichekecha jivu lile, akatenga letu na lao?

Wako watakaosema kwamba muda wa hija ni mfupi. Muda! Kundi letu lilipata saa nzima ya kununua sanamu na kujaza madumu maji ya ziwa lililo kando ya Basilika.

Wengine husema kwamba kuwaingiza watoto mahali pa dhehebu jingine ni kuwachanganya. Hoja hii ina uzito zaidi, maana mzazi ana haki ya kuilinda imani ya mwanawe. Lakini tazama waliotutangulia. Papa Paulo VI alipowatangaza wale 22 kuwa watakatifu, tarehe 18 Oktoba 1964, aliwataja pia Waanglikana waliokufa kwa ajili ya jina la Kristo. Na alipofika Namugongo mwaka 1969 alikwenda hata kwao. Papa Fransisko naye, Novemba 2015, aliingia kwanza kwa Waanglikana, kisha ndipo akaenda kusoma Misa kwetu. Je, kiongozi wa basi letu ailinda imani kuliko Mapapa wawili?

Wala hesabu haikuishia kwa Wakristo. Katika miaka ya 1870, Kabaka Mutesa wa Kwanza, baba yake Mwanga, aliwaua Waislamu walioshika dini yao kuliko amri yake. Nao sijamsikia hujaji wetu hata mmoja akiwataja, ijapokuwa walitangulia kufa katika nchi ile ile, kwa sababu ile ile.

Kijana, jina lako likiandikwa mwakani katika orodha ya mahujaji, keti karibu na dereva. Mfikapo kwenye lango lile, mwombe kwa adabu asimame. Robo saa yatosha.