Usinunue skrini, nunua goti

KIJANA mmoja anayecheza Championship alinipigia simu wiki iliyopita. Alipasuliwa goti miezi minne iliyopita, klabu ikamrudisha kwao Manzese 'akajiuguze'. Daktari amemruhusu kuanza kupiga pedali, tena nyumbani, taratibu. "Kaka, ninunue mashine gani?" Ameiona moja mtandaoni, ina skrini kubwa. Bei yake ni mishahara yake mitatu, na mishahara yenyewe mnaijua inavyotoka.

Nikamwambia aachane nayo. Ana baiskeli ya gia ya mtumba pale uani. Anachohitaji ni stendi inayonyanyua gurudumu la nyuma na kulikandamizia roli, apige pedali palepale bila kwenda popote.

Hapo ndipo watu wanapopigwa. Stendi ya feni ni ya bei nafuu, lakini ukikazana nayo inanguruma. Chumba cha kupanga, ukuta mmoja na jirani mwenye mtoto mchanga, utafukuzwa kabla goti halijapona. Ya mafuta ina utulivu, ila kadiri unavyoongeza kasi nayo inazidi kuwa nzito yenyewe. Mimi kwa goti bichi nachagua ya sumaku. Unaamua mwenyewe uzito, unaanza na mwepesi kabisa, na umeme ukikatika unaendelea kama kawaida. Zile unazotoa gurudumu na kufunga cheni moja kwa moja ni tamu, ila ni za wenye pesa. Roli tupu zinazotaka uendeshe kwa mizani? Mwenye goti lililoshonwa asizisogelee.

Asinunue kabla hajamwona fundi baiskeli. Stendi nyingi zinabana ekseli za kufungua kwa mkono, na baiskeli zetu nyingi zina nati. Tairi la kashata nalo linapiga kelele na kutetemesha nyumba, aweke lililo laini. Halafu kiti. Pedali ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjwa kidogo tu. Kiti kikiwa chini sana, goti linakunjwa kupita kiasi na maumivu yanarudi. Hilo ni bure, na ndilo wanalolisahau.

Lakini kwa nini ananiuliza mimi? Mwaka 2020 corona ilipofunga viwanja, Bayern Munich walifanya mazoezi kila mtu kwake, wakiwa juu ya baiskeli za ndani, benchi la ufundi likiwatazama kwa video. Sisi ligi ilisimama Machi, ikarudi Juni, na wengi walijitafutia wenyewe. Hakuna aliyejifunza. Stendi moja ya sumaku ingekaa stoo ya klabu, ikaenda kwa kila majeruhi kwa zamu.

Nilimpigia kiongozi wa klabu yake. Akasema suala hilo zito, lazima liende kwenye kikao. Wiki hiyohiyo walikuwa wameshamalizana na straika mpya, na sikusikia kikao chochote.